Kidonda cha Tumbo Hakizaliwi na Mawazo

Iko itikadi moja iliyokita mizizi katika jamii zetu, kuanzia barazani Pwani hadi masokoni bara, nayo ni ile isemayo kwamba vidonda vya tumbo ni maradhi ya mawazo. Na kama si mawazo, basi ni njaa. Na kama si njaa, basi ni pilipili. Husemwa kwa yakini isiyotaka ushahidi, kana kwamba kadhia yenyewe ilikwisha kuhukumiwa zamani, na msemaji huwa jirani, au shemeji, au abiria mwenzako katika basi. Na lau ingeishia hapo, huenda nisingeshika kalamu. Walakini itikadi hiyo imevuka vizingiti vya zahanati na kuingia wodini. Husikika kutoka kwa watu waliovaa sare, waliokaa darasani miaka wakiusoma mfumo wa chakula tangu kinywa hadi njia ya haja kubwa, ambao mgonjwa akiwaeleza kwamba chembe ya moyo inamwaka moto usiku humjibu, kwa huruma ya kweli, "Mama, punguza mawazo, ule kwa wakati, na pilipili uache," kisha wakamwita anayefuata. Naiandika makala hii kuipinga kauli hiyo, na nawaandikia hasa wanafunzi wa uuguzi, kwa kuwa wao ndio watakaokaa na mgonjwa muda mrefu kuliko tabibu, na neno lao ndilo atakalorudi nalo nyumbani.

Insafu yataka hoja za mpinzani zitajwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa, nazo ni tatu. Ya kwanza yatoka katika nafsi: nani asiyejua kwamba mtu akifiwa, au akidaiwa deni asiloliweza, au akingoja hukumu mahakamani, hamu ya chakula humtoka na tumbo humsokota? Ya pili yatoka mezani: mwenye kidonda akila kachumbari yenye pilipili, au embe bichi lililotiwa chumvi na pilipili, huungulika saa ile ile, na akilala na njaa, maumivu humwamsha usiku wa manane, naye akinywa maziwa kidogo hupata nafuu. Ya tatu yatoka katika ilimu yenyewe, kwani itikadi hii haikuzuliwa na wajinga. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vya utabibu vya Ulaya na Marekani vilifundisha hivyo hivyo: mwaka 1915 tabibu Bertram Sippy wa Chicago alitangaza utaratibu wa kumlisha mgonjwa maziwa na malai kila saa pamoja na dawa za kupunguza asidi, na utaratibu huo ukafuatwa kwa miongo mingi, ilhali wagonjwa wakiusiwa wapumzike, wasighadhibike, wala wasiguse viungo. Basi wazee wetu, na walimu wa walimu wetu, walisema kwa kadiri ya ilimu ya zama zao, wala hawastahili kubezwa. Anayestahili lawama ni yule aliyezaliwa baada ya ilimu hiyo kutanguka, akaendelea kuifuata kwa uvivu.

Tuanze na jambo ambalo lingepaswa kumshangaza kila mwanafunzi siku ya kwanza anapofunuliwa picha ya mfuko wa tumbo. Mfuko huo humwaga kila siku majimaji yapatayo lita 2, na ndani yake mna asidi ya haidrokloriki iliyo kali, na mna kimeng'enya kiitwacho pepsini ambacho kazi yake ni kuvunjavunja nyama. Na mfuko wenyewe ni nyama. Kwa nini basi haujimeng'enyi wenyewe? Jibu ni kwamba umepewa ulinzi wa tabaka kwa tabaka. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na utando wa ute mzito. Chini ya ute huo seli humwaga bikaboneti, ambayo huizimua asidi kabla haijagusa nyama. Seli zenyewe hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Na mishipa midogo ya damu huiondoa upesi asidi yoyote iliyopenya. Mfano wake ni nyumba ya mawe ya mji wa Pwani, ambayo mvua huinyeshea masika baada ya masika na ukuta wake usidhurike maadamu chokaa ingali imara, lakini chokaa ikibanduka mahali pamoja, maji yale yale yasiyodhuru huanza kuula udongo ulio kati ya mawe. Mwenye nyumba mwenye busara haishitaki mvua. Huuliza ni kitu gani kilichoibandua chokaa. Mwaka 1910 tabibu Karl Schwarz alisema kwamba pasipo asidi hapana kidonda, na alisema kweli. Walakini watu waliishika kweli hiyo kwa ncha moja, wakashughulika miaka sabini na kuipunguza asidi, bila ya kuuliza kwa bidii ni nani anayeuvunja ulinzi.

Jibu lilikuwa likionekana katika darubini, ila halikuwa likisadikiwa. Mwaka 1979 Robin Warren, mtaalamu wa patholojia katika Royal Perth Hospital huko magharibi ya Australia, aliona juu ya vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa matumboni mwa wagonjwa vijidudu vilivyopindapinda, vimejipanga chini ya ute, mahali ambapo vitabu vilisema kiumbe hawezi kuishi kwa ukali wa asidi. Na kila palipokuwa na vijidudu hivyo, nyama ilikuwa imewaka na kuvimba. Mwaka 1981 alijiunga naye tabibu kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuviotesha katika sahani za maabara wakashindwa mara kwa mara, kwa kuwa desturi ya maabara ilikuwa kuzitupa sahani baada ya siku mbili ikiwa hakijaota kitu. Ikaja Pasaka ya mwaka 1982, sahani zikaachwa ndani ya kabati la joto siku tano za mapumziko, na walipozitazama wakakuta vijidudu vimeota. Kiumbe kilichotafutwa kilikuwa kikitaka subira tu.

Wataalamu wengi walikataa kusadiki. Kwa hiyo mwaka 1984 Marshall, baada ya tumbo lake kupimwa na kuonekana zima, alikunywa mchuzi wa maabara uliojaa vijidudu hivyo. Siku chache hazikupita akashikwa na kichefuchefu na kutapika, pumzi yake ikabadilika harufu, na kipande cha nyama kilichokatwa tumboni mwake siku ya kumi kikaonyesha mwako mkali na vijidudu vimekiganda. Hakupata kidonda, wala hakudai amekipata. Alichothibitisha ni kwamba kijidudu hicho chaweza kuingia katika tumbo zima na kuliuguza. Miaka ikapita, burhani zikaongezeka. Mwaka 1994 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani likakata shauri kwamba mwenye kidonda aliye na kijidudu hicho atibiwe kwa antibayotiki, na mwaka 2005 Warren na Marshall wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Nao hawakuwa wa kwanza kuikaribia haki hii. Katika mji wa Missolonghi huko Ugiriki, tabibu John Lykoudis alikuwa akitibu vidonda kwa antibayotiki tangu mwaka 1958. Wenziwe walimkanusha, akatozwa faini, na jarida kubwa la Marekani likayakataa maandishi yake. Alifariki mwaka 1980, kabla ya sahani za Perth kuota. Nayataja hayo ili mwanafunzi aone gharama ya fikira iliyozoeleka: si maneno tu yanayopotea, ni miaka ya wagonjwa.

Kijidudu chenyewe, Helicobacter pylori, kina hila ya ajabu. Hutoa kimeng'enya kiitwacho yuresi, ambacho huigeuza yurea iliyomo tumboni kuwa amonia, na amonia hiyo huizimua asidi iliyokizunguka. Hivyo hupita salama katikati ya adui yake, hujizungusha kama parafujo kuingia ndani ya ute, na huko hukaa miaka, pengine umri mzima, kikiziuguza seli na kuudhoofisha ulinzi. Aghalabu hupokewa utotoni, ndani ya nyumba, kutoka kwa mzazi au ndugu, kwa mate, kwa matapishi, au kwa mikono isiyonawa, na huenea zaidi penye msongamano na uhaba wa maji safi. Hapo mpinzani huinua kichwa na kusema: ikiwa karibu nusu ya wanadamu wanacho, na wengi wao hawaumwi kamwe, yawaje kisingiziwe? Swali ni zuri na jibu lake ni wazi. Wengi huvuta vijidudu vya kifua kikuu na wachache tu huugua, wala hakuna muuguzi asemaye kwamba kifua kikuu hakiletwi na vijidudu. Maambukizi ni jambo moja na ugonjwa ni jambo jingine. Kati yao pana aina ya kijidudu, pana umbile la mtu, pana sigara na dawa anazomeza. Lakini burhani iliyo kuu kuliko zote ni hii: mwenye kidonda akipewa dawa za kupunguza asidi peke yake hupona, kisha akiziacha, wengi hurudiwa na kidonda kabla mwaka haujaisha; na mwenye kidonda akiondolewa kijidudu, ni nadra kidonda kumrudia, ijapokuwa madeni yake hayajalipwa, mumewe hajabadilika, na mawazo yake ni yale yale ya jana. Lau mawazo ndiyo yaliyokizaa kidonda, dawa ya kuua kijidudu ingekikomesha vipi?

Sasa nakuja kwenye hoja yao iliyo na nguvu zaidi, ambayo wao wenyewe hawaitumii kwa kuwa hawaijui. London ilipopigwa mabomu na ndege za Ujerumani usiku baada ya usiku, mwaka 1940 na 1941, hospitali za mji huo zilipokea wagonjwa wengi kuliko kawaida waliotobokwa na vidonda vya tumbo. Na baada ya tetemeko kubwa la ardhi lililoubomoa mji wa Kobe huko Japani, Januari 1995, waganga waliona vidonda vimezidi, na vinavyotoka damu vimezidi. Aidha kila aliyewahi kuhudumia chumba cha wagonjwa mahututi ajua kwamba aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, au aliyeumia ubongo, aweza kupata vidonda vya tumbo katika siku chache. Siyakanushi hayo, na mwanafunzi asimwamini anayeyakanusha. Lakini yatazameni kwa makini. Wa mwisho hao si watu wenye mawazo. Ni watu ambao mwili wao umepatwa na msiba mkubwa, damu imepungua tumboni, na ulinzi umekosa chakula. Na kule Kobe, wengi wa waliopatwa na vidonda walipopimwa walionekana kuwa na kijidudu kile kile. Maana yake ni kwamba hofu kubwa yaweza kukichochea kilichokuwapo, na yaweza kukitoboa kidonda kilichokuwa kimetulia. Na kuchochea si kuzaa. Tena hofu ya namna hiyo, ya kukesha chini ya mabomu au kufukua jamaa katika kifusi, haifanani na ada ya shule isiyolipwa wala ugomvi wa mawifi. Mwenye kutwaa ushahidi wa Kobe akamhukumia kwa huo mama muuza vitumbua amefanya dhuluma ya hoja kabla ya kufanya dhuluma ya tiba.

Ama pilipili na njaa, kosa lao ni la kukitanguliza kilicho nyuma. Ukali uliomo katika pilipili huamsha mishipa ya fahamu inayopokea habari za maumivu, hauli nyama. Ikipita juu ya kidonda kilichopo, mgonjwa huungulika, kama ambavyo ingemwasha juu ya mchubuko wa mdomo. Lakini hakuna ashikaye mchubuko wa mdomo akasema pilipili ndiyo iliyoukata. Na njaa je? Kidonda kilicho mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ambacho ndicho kinachomwamsha mtu usiku, kina tabia ya kutulia mtu anapokula na kurudi saa mbili au tatu baadaye, tumbo likishakuwa tupu. Mgonjwa huona kwamba akila hupoa na akikaa na njaa huumia, naye akahitimisha kuwa njaa imemjeruhi. Kumbe jeraha lilikuwapo, na chakula kilikuwa kikilifunika kwa muda. Kinyume chake, kidonda kilicho ndani ya mfuko wa tumbo mara nyingi huuma zaidi mtu anapokula, na mwenye kidonda hicho huogopa chakula hata akakonda. Maziwa nayo hutuliza kwa kitambo, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Ndiyo maana mwenye kidonda kinachouma aipelekapo nia yake ya kufunga Ramadhani kwa tabibu hufanya jambo la busara, kwa kuwa mwenye jeraha ana hukumu yake. Lakini kumwambia kijana mzima kwamba saumu itamzalia vidonda ni kumtisha kwa kitu kisichokuwapo.

Wakati huo wote ambao pilipili inashitakiwa, mkosaji wa pili baada ya kijidudu hukaa kimya ndani ya mkoba. Tumtazame mgonjwa mmoja, wa aina ambayo kila muuguzi atakutana naye. Ni bibi wa miaka sitini na kitu, magoti yamekaza, amekuja kwa tumbo. Ombeni awaonyeshe dawa anazotumia, naye atatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na fundo likifunguliwa juu ya meza humwagika humo pakiti ya omeprazoli iliyobaki vidonge vichache, chupa ya dawa nyeupe ya maji ya kutuliza tumbo, kijibahasha cha karatasi chenye vidonge visivyo na jina, na kipande cha pakiti ya diklofenaki kilichokatwa kwa mkasi dukani. Mwulizeni: "Bibi, hizi za magoti unameza lini?" Atawajibu kwamba humeza asubuhi na jioni, tangu masika ya mwaka jana, na kwamba zinamsaidia sana, ila tumbo ndilo linalomsumbua, nalo ni kwa sababu ya mawazo ya wajukuu. Kikulacho ki nguoni mwako. Diklofenaki, ibuprofeni, asprini na jamaa zao hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kama alivyobainisha John Vane mwaka 1971. Na prostaglandini ndizo hizo hizo zinazoamrisha ute umwagwe, bikaboneti itolewe na damu ipite katika ukuta wa tumbo. Dawa inayotuliza goti, basi, hulivua tumbo ngao yake. Muuguzi asemaye "punguza mawazo" hataufungua mfuko ule kamwe, na bibi atarudi nyumbani kumeza diklofenaki ya jioni.

Hapo pana kosa jingine lililozoeleka, nalo ni la kitaalamu, kwa hiyo ni aibu zaidi: kusema kwamba dawa hizo zikitolewa kwa sindano hazidhuru tumbo kwa kuwa hazikupitia humo. Zinadhuru, kwa kuwa zinazuia prostaglandini kwa njia ya damu, na damu hufika tumboni, dawa iwe imeingia kwa mlango wowote. Na madhara yake kwa wazee huwa ya siri, kwani wengi hawasikii maumivu yoyote hadi siku wanapotapika damu. Parasetamoli haina madhara hayo ya tumbo, nayo yafaa kutajwa na muuguzi anapomshauri mgonjwa aliyezoea kununua dawa za maumivu bila ya kuandikiwa.

Sasa nieleze kwa nini itikadi hii si kosa dogo la kusamehewa. Kwanza, humgeuza mgonjwa kuwa mshitakiwa. Aambiwaye kwamba maradhi yake ni ya mawazo huelewa kwamba ameyataka, kwamba moyo wake ni dhaifu, na aghalabu mwenye kuambiwa hivyo ni mwanamke. Huondoka na aibu juu ya maumivu, na mara ya pili huchelewa kurudi. Pili, huyafanya maradhi yenye tiba kuwa ya kudumu. Dawa ya kupunguza asidi hununuliwa mwezi baada ya mwezi, hutuliza na haimalizi, na kijidudu hubaki mahali pake; na kijidudu hicho si jirani mwema, kwani mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulikiweka katika daraja la kwanza la visababishi vya saratani kwa wanadamu. Tatu, humnyima mgonjwa chakula: maharage yamekatazwa, nyanya zimekatazwa, machungwa yamekatazwa, hata sahani ya maskini, ambayo haikuwa na vingi, ikabaki uji. Nne, na hili ndilo la kuogofya, hufunika maradhi mengine. Si kila maumivu ya chembe ya moyo ni kidonda. Wengi wanaopimwa kwa mpira wenye kamera hawakutwi na kidonda chochote, na wengine hukutwa na mawe ya mfuko wa nyongo, na wengine kongosho limewaka, na wapo wenye mshituko wa moyo ambao maumivu yao yameshukia tumboni. Na katika Afrika ya Mashariki, ambako saratani ya umio huwapata watu wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, mtu anayesema chakula kinakwama anapomeza, akaambiwa apunguze mawazo, amefungiwa mlango wa mwisho aliokuwa nao.

Lakini kuukimbia upotofu mmoja si ruhusa ya kuukimbilia mwingine. Wapo siku hizi waliosikia habari ya kijidudu, wakafanya kila mwenye kiungulia apimwe damu, na kila damu iliyoonyesha kingamwili ipewe dawa. Kipimo hicho cha damu hakiwezi kutenganisha maambukizi ya leo na ya zamani, na kwa kuwa wengi wetu tulikutana na kijidudu hicho utotoni, jibu lake mara nyingi halina faida. Vipimo vya choo vinavyotafuta kijidudu chenyewe, na kipimo cha pumzi, ni bora. Navyo vina sharti ambalo muuguzi ndiye wa kulilinda, kwamba mgonjwa awe ameacha omeprazoli na jamaa zake kwa wiki 2, na antibayotiki kwa wiki 4, ama sivyo kijidudu kitajificha na jibu litakuwa la uongo. Tiba yenyewe ni ya siku 14, dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili au zaidi. Vidonge ni vingi, mdomo huwa na ladha ya chuma, tumbo huweza kuharisha, na mgonjwa aliyepata nafuu siku ya tano hutamani kuacha. Akiacha, kijidudu kilichobaki hujifunza kuikabili dawa, na usugu huo tayari ni tatizo kubwa la dunia. Muuguzi aliyemweleza mapema kwamba ladha ile itakuja na itaondoka, kwamba asiguse pombe akiwa anameza metronidazoli, na kwamba arudi kupimwa si chini ya wiki 4 baada ya kumaliza ili ihakikishwe kuwa kijidudu kimetoka, amefanya kazi ya tiba kwa maana yake kamili.

Nasikia jibu la mwisho la wapinzani wangu, nalo lina sura mbili. Sura ya kwanza yasema: hiyo ni kazi ya tabibu, muuguzi ana wagonjwa hamsini na mikono miwili. Nami nasema kwamba hoja hiyo ingekuwa na uzito lau muuguzi angenyamaza. Lakini hanyamazi, husema "punguza mawazo", na maneno mabaya huchukua muda ule ule wa maneno mema. Maswali yanayotakiwa ni machache: maumivu huja lini, kabla ya kula au baada yake? Unameza dawa gani za maumivu, hata za kununua mwenyewe? Umepungua uzito bila kukusudia? Chakula hukwama? Umetapika damu, au kitu cheusi kama machicha ya kahawa? Choo kimekuwa cheusi? Na hapo muuguzi hodari huongeza swali ambalo mvivu halijui, kama mgonjwa anameza vidonge vya madini ya chuma, maana navyo hukifanya choo kuwa cheusi, ila hakinati wala hakinuki kama kile cheusi cha lami ambacho ni damu iliyopikwa na asidi. Anayetapika damu, anayetoa choo cha lami, au ambaye tumbo lake limekakamaa ghafula kama ubao, hana haja ya ushauri wa chakula. Ana haja ya tabibu saa hiyo hiyo.

Sura ya pili ni ya upole zaidi: kwamba tukiyaondoa mawazo katika orodha ya visababishi, tutaiondoa pia huruma, na mgonjwa mwenye huzuni atabaki na huzuni yake. Sivyo. Mwenye huzuni ana haki ya kusikilizwa kwa ajili ya huzuni yake, na ikizidi, ana haki ya kupelekwa kwa mwenye ilimu ya maradhi ya nafsi. Na tumbo lake lina haki ya kupimwa kwa ajili ya tumbo. Huruma ya kweli huzipa haki zote mbili. Huruma inayotumia haki moja kuifutia nyingine ni njia ya kumwondoa mgonjwa mezani.

Kwa hiyo nawataka ninyi mnaosomea uuguzi, mtakaovaa sare hiyo mwaka huu na mwaka ujao, muiache kauli hii siku hii ya leo. Msiiseme kwa mgonjwa, msiiseme kwa mama zenu jikoni, wala msinyamaze mkiisikia kutoka kwa mkubwa wenu wa kazi. Mkumbusheni kwa adabu, kwa kuwa adabu haikatazi ukweli. Mgonjwa aliye mbele yenu ana kijidudu kinachotafutika, au dawa inayoweza kuachwa, au ugonjwa mwingine unaohitaji kugunduliwa mapema, na katika hali zote tatu lipo jambo la kufanya leo. Kumrudisha nyumbani na nasaha ya kutuliza moyo, ilhali tiba ya wiki 2 ipo na maswali ya dakika tano hayajaulizwa, ni kumnyima haki yake, hata kama nasaha hiyo imetolewa kwa sauti ya upole.